Kilicho Moyoni Kisemwe Kwanza: Mwongozo wa Tiba ya Nafsi Inayojali Mwili, Akili na Roho

Katika Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, mtu anayeumia ndani hupata majibu mawili upesi. Akienda zahanati na kueleza kwamba hapati usingizi, tumbo linawaka na moyo unakwenda mbio, hurudi na vidonge. Akienda kwenye nyumba ya ibada, huambiwa aombe zaidi, afunge, au aje Jumatano kuwekewa mikono. Sina ugomvi na vidonge wala na maombi, kwa kuwa nimevitumia vyote na vyote vimenisaidia kwa wakati wake. Ninachosema ni kwamba katikati yake ipo kazi ambayo mara nyingi haina mtu wa kuifanya, nayo ni kumkalisha huyo mtu, kumpa muda, na kumwacha aseme kwa maneno yake mwenyewe kilichomo moyoni kabla hajaambiwa la kufanya.

Kazi hiyo ndiyo tiba ya nafsi, au saikoterapia, inayozungumziwa hapa, na mwongozo huu unaeleza namna ya kuianza ukiwa Mbeya, Iringa, Njombe au Songwe, pamoja na mtu wa kukuongoza, bila kuiacha imani yako mlangoni. Neno saikoterapia lenyewe limetokana na maneno mawili ya Kigiriki, moja likiwa na maana ya nafsi na jingine la kuhudumia au kuponya. Hata hivyo, kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 wataalamu wengi wa Ulaya na Marekani waliona mambo ya roho hayahusiki na chumba cha tiba. Wachache walikataa. Carl Jung wa Uswisi (1875–1961) alishikilia kwamba mtu hawezi kupona kikamilifu huku swali lake la kiroho likiwa halijaguswa. Roberto Assagioli wa Italia (1888–1974) alijenga tiba iliyolenga kuziunganisha sehemu zote za mtu kuzunguka kiini kimoja. Na Viktor Frankl, daktari wa Vienna aliyenusurika kwenye kambi za mateso za Wanazi, alifundisha kwamba mwenye maana ya kuishi hustahimili mengi. Mwaka 1977 daktari wa Marekani George Engel aliandika kwamba tiba inayoutazama mwili peke yake imepungukiwa, na kwamba ni lazima itazame pia akili na jamii ya mgonjwa. Baadaye wengine wakaongeza roho kwenye orodha hiyo. Mzungumzaji wa Kiswahili hahitaji kusadikishwa sana juu ya hili, maana kwa pumzi moja husema mwili umechoka, akili haijatulia, moyo umekufa ganzi na roho inamuuma, na kila moja ya kauli hizo hutaja mahali pake.

Hatua ya kwanza: mwili upimwe

Usianze na kumbukumbu za utotoni wala na ndoto. Anza na kituo cha afya au hospitali ya wilaya, na mweleze tabibu dalili zako zote, pamoja na zile za moyoni ambazo kwa kawaida tunazificha nyuma ya maneno "naumwa kichwa". Omba kupimwa wingi wa damu, kisukari na shinikizo la damu, na kama hujui hali yako ya maambukizi ya VVU, pima pia. Upungufu wa damu huleta uchovu na huzuni vinavyofanana kabisa na sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito. Vivyo hivyo tezi ya shingo ikilegea humfanya mtu awe mzito, asahau, aone baridi kila saa na akose hamu ya mambo, na ukanda wetu huu una historia ndefu ya rovu kwa sababu udongo wa milimani una madini joto machache. Najua kwamba Njombe mwezi wa Julai kila mtu anaona baridi kila saa, lakini tabibu anaweza kutofautisha.

Lipo jambo jingine la huku kwetu linalostahili kusemwa bila aibu. Katika Mbeya na Songwe, ambako nguruwe wengi hufugwa na baadhi yao huachwa wakirandaranda, minyoo ya tegu ni sababu inayojulikana ya kifafa: mayai yake hutoka kwenye kinyesi cha mtu mwenye tegu, huingia kinywani kwa mikono michafu au mboga zisizooshwa vizuri, na viluwiluwi vyake husafiri kwa damu hadi kwenye ubongo na kujijengea vifuko humo. Mtu wa namna hiyo akianguka katikati ya ibada na kutetemeka, wengi wetu tunaona pepo. Aombewe, hakuna ubaya, lakini apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu kifafa kina dawa. Na kwa yeyote anayetumia dawa za kifafa, za VVU, za kisukari au za afya ya akili, asiziache kwa ushauri wa mtu yeyote asiye tabibu, hata kama anayeshauri amevaa kanzu au joho.

Pombe nayo ihesabiwe kwa uaminifu. Ulanzi wa Iringa na komoni havionekani kama ulevi kwa sababu kila mtu anakunywa, lakini anayekunywa kila jioni ili alale anajiongezea huzuni, na akiacha ghafla baada ya miaka mingi ya kunywa sana anaweza kupata degedege, hivyo kuacha kwake kusimamiwe na tabibu.

Zipo hali ambazo mwongozo huu peke yake hautoshi. Ukiwa na mawazo ya kujiua, ukisikia sauti zinazokuamuru, ukikaa siku kadhaa bila kulala na bila kuhisi uchovu, au ukiwa umeacha kula, mwambie mtu mmoja leo na aende nawe hospitali. Hospitali ya Rufaa ya Kanda iliyopo Mbeya na hospitali za rufaa za mikoa hupokea wagonjwa wa afya ya akili, na ukianzia zahanati utaandikiwa rufaa. Familia ya mtu huyo ifungie viuatilifu vya shambani mahali asipoweza kuvifikia. Huku kwenye viazi, chai na nyanya, sumu hiyo mara nyingi huwekwa chini ya kitanda, na umbali wa hatua chache kati ya mtu na chupa umeshaamua mambo mengi.

Hatua ya pili: mpate mtu wa kukusikiliza

Kazi hii haifanywi peke yako tangu mwanzo hadi mwisho. Anayefaa zaidi ni mnasihi (mshauri nasaha) au mwanasaikolojia aliyesomea, na mahali asipokuwapo, uliza afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, muuguzi wa kitengo cha afya ya akili, au mchungaji, padri ama shehe aliyepata mafunzo ya unasihi. Usidharau mtu asiye na shahada lakini aliyefundishwa vizuri. Nchini Zimbabwe, mwaka 2006, daktari Dixon Chibanda alianza kuwafundisha bibi wa mtaani kuwasikiliza watu kwenye benchi nje ya kliniki, na utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliokaa na bibi hao walipungukiwa na sonona kuliko waliopata huduma ya kawaida. Ugonjwa wenyewe waliuita kwa neno la Kishona, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, neno ambalo Msafwa au Mbena hahitaji kutafsiriwa.

Kabla ya kikao cha kwanza muulize mtu huyo amesomea wapi, kikao kinachukua muda gani (dakika 45 hadi 60 ndiyo kawaida), malipo ni kiasi gani, siri zako anazitunza vipi, na atafanya nini akiona jambo limemzidi. Swali hili la mwisho ndilo ninalolipa uzito kuliko yote. Anayejibu kwamba hakuna jambo linalomzidi, muage kwa heshima uondoke. Ondoka pia kwa anayekutajia shangazi au jirani kuwa ndiye amekuroga, anayedai kuku, ng'ombe au sadaka maalumu ili akufungue, anayetaka kukugusa mkiwa wawili chumbani, au anayekuambia utupe dawa zako. Tuhuma za uchawi zimevunja koo nyingi milimani huku, na maumivu uliyoingia nayo utatoka nayo yakiwa mawili.

Chagueni pia lugha. Mtu aliyelelewa kwa Kikinga hadi akiwa na miaka saba anaweza kueleza mkopo wake kwa Kiswahili safi kabisa, lakini akifika kwenye siku aliyofiwa na mama yake, maneno yatakuja kwa Kikinga au hayatakuja kabisa. Msikilizaji asiyejua lugha hiyo amwache aseme kwanza kwa lugha ya nyumbani, kisha atafsiri baadaye.

Hatua ya tatu: saa na mahali

Tenga dakika 20 kila siku kati ya kikao na kikao, saa ileile. Alfajiri inafaa kwa wengi, kabla watoto hawajaamka, ila kaa mahali pengine mbali na kitanda. Vaa sweta, jifunike blanketi, zima simu. Nyumba ikiwa ndogo, jikoni panatosha.

Hatua ya nne: shuka mwilini

Keti, nyayo zako ziguse sakafu, na vuta pumzi kwa hesabu ya nne, kisha itoe kwa hesabu ya sita, mara kumi. Pumzi inayotoka kwa urefu zaidi huutuliza mwili, kwa kuwa hupunguza mwendo wa moyo. Kisha jiulize swali moja tu: jambo linalonisumbua linakaa wapi mwilini? Usijibu kwa kichwa. Ngoja. Huenda ni kifua kilichobana, koo lililokabwa, tumbo lililojaa bila kula, au mabega yaliyobeba gunia lisiloonekana. Jaribu neno moja, kwa mfano "uzito", na usikilize kama mwili unakubali. Ukikataa, jaribu jingine, "aibu", "hofu", "hasira". Neno sahihi likipatikana mtu hupumua kwa nguvu bila kukusudia, na msikilizaji makini hukiona kitendo hicho kabla ya mwenyewe. Mwanasaikolojia Eugene Gendlin, aliyefanya kazi Chicago pamoja na mwanasaikolojia mwenzake Carl Rogers, alisikiliza kanda nyingi za vikao vya tiba na akaona kwamba waliofaidika zaidi ni wale waliokuwa wakisita, wakipapasa na kutafuta neno ndani yao, kuliko waliozungumza kwa ufasaha tangu mwanzo.

Aliyepitia ajali, kipigo au ubakaji anaweza kuona kwamba kufumba macho kunamrudisha palepale. Huyo asifumbe. Aangalie vitu vitano vilivyomo chumbani na kuvitaja kwa sauti, ashike kikombe cha chai ya moto, asimame atembee, na zoezi lenyewe alifanye tu akiwa na mnasihi.

Hatua ya tano: sema

Hapa ndipo ninapotaka kukaa, kwa sababu hapa ndipo wengi wanaporuka.

Baba yangu alifariki mwezi wa Julai, kwenye baridi ya Mbeya inayoingia hadi kwenye mifupa. Mimi ndiye kifungua mimba. Nilipokea wageni, nikasimamia turubai na kuni, nikaongoza sala za jioni, na siku ya tatu ndugu mmoja wa kanisani alinishika bega na kuniambia nimshukuru Mungu kwa kila jambo, nami nikamshukuru. Kwa miaka miwili iliyofuata nilitibiwa vidonda vya tumbo katika vituo vitatu tofauti, na wala sikudanganya mtu niliposema kwamba sina tatizo jingine. Siku moja nilikuwa jikoni kwa shangazi yangu, tunamenya viazi, ukungu umeshuka hadi dirishani. Aliniuliza bila kuinua macho: "Na wewe, baba, ulilia lini?" Nilitaka kumjibu. Kisu kilianza kutetemeka mkononi, kiazi kikaniponyoka na kubingirika hadi chini ya kabati, na nikaona ni rahisi zaidi kuinama kukitafuta kuliko kusema neno. Nilikaa pale chini, goti moja kwenye sakafu, muda mrefu kuliko kiazi kinavyohitaji. Shangazi aliendelea kumenya vya kwake. Hakusema pole, hakusema Bwana alitoa, na kwa kunyamaza kwake ndiko nilikoanza kupona.

Wazee wa huku walilijua jambo hili kwa namna yao. Mwanaanthropolojia Monica Wilson, aliyeishi Rungwe miaka ya 1930, aliandika kwamba Wanyakyusa waliamini hasira iliyofichwa moyoni huleta ugonjwa katika ukoo, na kwamba kabla ya tambiko ndugu walitakiwa kuzitoa hasira zao waziwazi. Aliyekwisha kusema alipuliza maji kutoka kinywani kuonyesha kwamba ameachilia. Tambiko lililofanywa na watu wenye kinyongo kisichosemwa lilihesabiwa kuwa halifai kitu. Leo wajukuu wa wazee hao ni Wamoraviani, Walutheri, Wakatoliki, Wapentekoste na Waislamu, na wengi hawataki kusikia habari za tambiko, jambo ambalo naliheshimu. Utaratibu wake, hata hivyo, ni huohuo ninaoutetea katika mwongozo huu wote: kwanza linasemwa, halafu ndipo linapelekwa kwa Mungu.

Namna ya kufanya ni hii. Mkiwa kwenye kikao, mnasihi akuulize ni jambo gani ambalo hujawahi kumwambia mtu, nawe uanze na pembe yake iliyo rahisi, bila kukimbilia kiini. Eleza siku moja, mahali pamoja, nani alikuwapo na alivaa nini, kwa kuwa moyo hukumbuka kwa vitu vidogo. Mama mmoja niliyewahi kumsikiliza alizunguka nusu saa akieleza sare ya shule ya mwanawe, kola iliyochakaa, kifungo alichokishona kwa uzi usiofanana, huku akiviringisha pindo la khanga yake kwa kidole gumba, anaviringisha na kukunjua. Alipofika kwenye kile kifungo kidole kikasimama, ndipo machozi yakatoka. Msikilizaji anayekatiza maelezo ya namna hiyo kwa sababu "hayahusiki" ameupoteza mlango.

Usipokuwa kwenye kikao, andika. Mwaka 1986 mwanasaikolojia wa Marekani James Pennebaker alichapisha matokeo ya jaribio ambalo wanafunzi waliandika kwa dakika 15, siku nne mfululizo, juu ya jambo lililowaumiza zaidi maishani. Walioandika tukio pamoja na hisia zao walijisikia vibaya zaidi siku hizohizo, lakini katika miezi iliyofuata walikwenda kwenye zahanati ya chuo mara chache kuliko wenzao walioandika mambo ya kawaida. Kwa hiyo nunua daftari dogo, andika bila kujali tahajia wala adabu, kwa dakika 15, kwa siku nne, na utegemee kwamba jioni ya siku ya kwanza na ya pili utakuwa mzito. Pangeni na mnasihi mapema ni nani utakayempigia simu jioni hizo. Karatasi ukimaliza ni zako. Wengine huzihifadhi kwa ajili ya kikao, wengine huzitia kwenye jiko la mkaa moja baada ya nyingine, na njia zote mbili ni sawa, ila usiziache mezani zikasomwa na mtu asiyehusika. Msiba ambao haujatimiza wiki chache uache kwanza. Wakati huo mtu anahitaji uji, usingizi na watu, daftari litamngoja.

Hatua ya sita: wasikilize walio wengi ndani yako

Ukishaanza kusema, utagundua kwamba ndani yako hakuna msemaji mmoja. Assagioli aliona kwamba kila mtu hubeba nafsi ndogondogo, kila moja ikiwa na sauti na madai yake, na Jung aliuita kivuli ule upande wetu tusiotaka uonekane. Kwangu alikuwapo kifungua mimba asiyelia, na nyuma yake mtoto wa miaka tisa aliyetamani baba yake amtazame.

Chukua vigoda viwili uviweke vikitazamana. Keti kwenye kimoja ukiwa ile sauti kali, useme madai yake kwa nafsi ya kwanza: "Ukilia, nyumba itaanguka." Hamia cha pili, ujibu ukiwa yule anayekemewa. Zoezi hili, ambalo mtaalamu wa tiba ya nafsi Fritz Perls alilifanya lijulikane kwa kutumia kiti kitupu, huonekana la kipuuzi kwa dakika mbili za kwanza, na mtu mzima aliyelelewa kwa heshima zetu huchekacheka na kutazama dirisha. Aendelee tu. Usijaribu kuifukuza sauti kali, kwa maana mara nyingi ilikuwa mlinzi wako ulipokuwa mdogo. Iulize inaogopa nini itakapopumzika. Mtu anayesikia sauti za nje, kwa masikio yake, asifanye zoezi hili hata kidogo, na aonwe na daktari.

Hatua ya saba: ingiza ibada, kwa mahali pake

Sasa sala ina cha kubeba. Wakatoliki wanao uchunguzi wa dhamiri, ambao Ignatius wa Loyola aliufundisha katika karne ya 16 kuwa zoezi la kila siku. Waislamu wanayo muhasaba, yaani mtu kuihesabu nafsi yake kabla hajahesabiwa. Fuata mapokeo yako mwenyewe badala ya kuazima ya wengine kwa sababu yanavutia. Usiku, kabla ya kulala, ipitie siku yako taratibu kama mtu anayepekua mahindi kwenye ungo, uone ni saa ngapi moyo wako ulifunguka na saa ngapi ulijikunja, kisha ulitaje jambo moja tu mbele za Mungu kwa jina lake halisi. Badala ya "nisamehe udhaifu wangu", sema "leo nilimwonea wivu mdogo wangu kwa sababu ya kiwanja". Sala za jumla ni pazuri pa kujificha.

Mwanasaikolojia John Welwood, aliyekuwa mfuasi wa mapokeo ya Kibudha, alionya tangu miaka ya 1980 kwamba watu wa dini huweza kuitumia ibada kuruka juu ya jeraha ambalo bado halijaguswa. Dalili zake ninazoziona ni hizi: mtu anasamehe kabla hajakasirika, anashukuru kabla hajaomboleza, mkesha unaongezeka kadiri nyumba inavyozidi kuwaka moto, na kila swali juu ya ndoa yake hujibiwa kwa aya. Huyo hana unafiki. Amechoka, na kimbilio alilolipata linamfaa zaidi akiingia nalo ndani ya maumivu kuliko akilitumia kuyakwepa.

Mara moja katika miezi mitatu fanya mafungo ya siku nzima ya ukimya. Wakazi wa Iringa wanalo jiwe la Gangilonga, ambalo jina lake kwa Kihehe ni jiwe linaloongea, na wakazi wa Mbeya wanayo miinuko ya Loleza. Nenda mchana, pamoja na mwenzako anayejua kunyamaza, mkakae mbalimbali lakini mkionana. Ziwa Ngozi ni zuri kupita kiasi, ila njia yake ina mwinuko na utelezi, hivyo mchukueni mwenyeji. Mwenye kisukari au anayetumia dawa za kila siku asichanganye mafungo na kufunga kula bila kumuuliza tabibu.

Hatua ya nane: rudi kwa watu

Kazi ya ndani isiyofika sebuleni ina kasoro. Baada ya wiki kadhaa, chagua uhusiano mmoja unaohitaji kutengenezwa, na mjadili na mnasihi wako nini utasema, wapi, na mbele ya nani. Kwa mambo ya mirathi na mashamba, kikao cha familia chenye mzee anayekubalika na pande zote hufanya kazi kuliko ujumbe wa simu. Omba radhi kwa kosa moja lililotajwa, bila kuongeza "kama nilikukwaza".

Hili halimhusu anayepigwa. Kusamehe ni jambo la moyo na lina wakati wake. Kurudi chini ya paa la mtu anayekupiga ni jambo jingine, na hakuna andiko linaloyafunga mambo hayo mawili pamoja. Dawati la jinsia na watoto lipo katika vituo vingi vya polisi, na kwa mtoto, namba ya simu ni 116, bila malipo.

Hatua ya tisa: pima

Kila baada ya wiki nne angalia usingizi, hamu ya kula, hasira kwa watoto, na kama shamba au duka linakwenda. Hospitali nyingi hutumia dodoso la maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, nalo lina tafsiri ya Kiswahili. Mwombe mnasihi mlijaze mwanzoni na kila mwezi, mlinganishe. Baada ya vikao sita hadi nane pasipo badiliko lolote, semeni waziwazi, mbadilishe njia, au mwende kwa daktari kuzungumzia dawa. Hilo si aibu kwa mnasihi wala kwa imani yako.

Andika pia kwenye kalenda miezi yako migumu: mwezi wa msiba, wa ajali, wa talaka. Mwili huikumbuka kabla ya kichwa, na mtu aliyekuwa amepona vizuri hujikuta hana usingizi bila kujua kwa nini. Punguza kazi wiki hiyo, mwarifu mtu mmoja, na ujiandalie jambo la kufanya. Mimi mwezi wa Julai siweki miadi ya jioni ya tarehe ile. Nawasha jiko, naweka kigoda cha pili upande wa pili, na namweleza baba habari za mwaka, viazi vilitoa magunia mangapi, nani ameoa, nani bado ananikasirisha. Nikimaliza kusema ndipo ninaposali.